Alama ya Mzinga Kwenye Daftari la Mzungu

Msilambe kidole mnapofungua karatasi za zamani. Najua mnacheka, lakini nilifanya kazi ya masjala hapa Nyeri miaka thelathini na minne, na karani anayelamba kidole nilikuwa namjua kwa kikohozi chake. Mafaili ya zamani yalinyunyiziwa dawa ya mende, na dawa ile haikujua nani mende na nani mtu.

Siku hizi mnanijia mimi nyanya yenu na simu zenu mkononi. "Cũcũ, tusaidie, tunatafuta babu ya babu yetu, ati alifanyia mzungu kazi huko Mweiga." Mnataka jibu kabla chai haijapoa. Siwalaumu, mmezaliwa wakati wa haraka. Nitawaambia ninayoyajua kuhusu kumtafuta mtu ndani ya karatasi, ila mnivumilie, kwa sababu siwezi kuieleza kazi hii bila kulieleza kosa langu, na kosa langu linamhusu baba yangu.

Baba aliitwa Ndiritu. Kwanza alikuwa mtu wa nyuki, akitundika mizinga ukingoni mwa msitu, halafu akapata kazi kwenye shamba kubwa la mzungu upande wa Naro Moru. Alikuwa akirudi kwetu Endarasha kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na miaka sita mwezi ule ambao hakurudi. Wala hakurudi uliofuata. Mama alipokwenda kuuliza, nyapara alimjibu akiwa langoni, hata hakumkaribisha ndani: mumeo ametoroka.

Watu wakaimalizia hadithi wenyewe. Ati ana mwanamke Nanyuki. Ati ameonekana Isiolo akiuza mbuzi. Mama hakubishana na mtu. Aliuchukua mzinga mmoja wa baba uliokuwa umebaki, akautundika chini ya mapaa ya nyumba, akakataa katakata usipasuliwe kuni hata msimu ule mvua ilipotunyima kuni kavu. Ubavuni mwa mzinga huo kuna alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: mstari mmoja umesimama, na vijistari vitatu upande wa kushoto, kama kitana kilichovunjika. Alama hiyo tunaiita rũũri. Kila mwenye mizinga alikuwa na yake, ili ukiukuta mzinga msituni ujue una mwenyewe. Mtu angeweza kukuibia mbuzi, lakini mzinga wenye rũũri ya mwenzake hakuthubutu kuugusa. Mimi niliijua alama hiyo kabla sijajua herufi a.

Nilipopata kazi masjala, mama alifurahi kuliko mimi. Alidhani watu wote wa nchi hii wamepangwa humo kwa rafu, na kwamba siku moja nitapanda ngazi na kumshusha wake. Kila nilipofika nyumbani, kabla sijaweka kikapu chini, aliniuliza swali lile lile.

"Umemwona?"

"Bado, mama."

"Haya. Ingia unywe uji."

Hakuwahi kuongeza neno. Natamani angenigombeza hata siku moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odhiambo, mkuu wa masjala, mtu wa Siaya aliyekuja Nyeri akiwa kijana na kukaa hadi akastaafu, akiilalamikia baridi kila asubuhi kana kwamba imefika jana. Alivaa sweta mbili, na juu ya sweta koti, na juu ya koti maneno. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni.

"Nyambura, hapa hakuna faili. Hapa kuna watu wamelala. Ukiingia, ingia pole pole."

Nilidhani ni mzaha wa kumtisha mgeni. Baadaye nikaona kwamba akirudisha faili kwenye rafu huipapasa mgongo kidogo, kama mama anayemlaza mtoto.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu mzuri haandikwi. Ukimtafuta babu yako, usianzie mahali alipokuwa mwema, anzia alipogombana. Aliyeishi kwa amani hana hata mstari mmoja, lakini aliyebishana na jirani kuhusu mpaka wa shamba utampata kurasa tatu, pamoja na rangi ya ng'ombe aliyevuka. Mzungu akikupotea, tafuta leseni ya mbwa wake. Na ukitafuta mtu wetu, usiridhike na jina lake na la baba yake. Sisi tunawapa watoto majina ya babu na nyanya, kwa hivyo majina yanazunguka katika ukoo kama kikombe cha uji, na Endarasha peke yake utakuta akina Mwangi wa Ndiritu watano. Uliza mama yake ni nani. Hapo wanne watakaa kando wenyewe.

Mimi nilimtafuta baba kwa njia zote hizo. Nilisoma orodha za vipande, yaani vitambulisho vya kazi vya wakati wa mkoloni, za mahakama, za hospitali, hadi za waliokamatwa wakinywa pombe ya muratina. Nilipata akina Ndiritu wengi, wengine walevi kweli kweli. Wa kwetu hakuwamo.

Sasa niwaambie kosa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini lililetwa sanduku la vitabu kutoka shamba moja la upande wa Naro Moru lililokuwa limegawanywa. Vilikuwa vimelowa, vinanuka mkojo wa panya. Mzee Odhiambo alikuwa amekwenda kwao mazishini, wiki mbili. Nikasema nitamwonyesha kwamba hakuniajiri bure. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, tena nilijua ni mzuri, na hilo ni jambo la hatari kwa karani. Nikachukua kitabu kipya, nikainakili orodha ya wafanyakazi wa shamba: jina, kazi, saini, maelezo. Jina la Ndiritu nililitafuta humo kwanza, halikuwamo. Karibu wote hawakujua kuandika, kila mmoja alikuwa amechora kitu chake. Mimi kwenye safu ya saini nikaandika "alama", nikateremka nayo hadi chini, alama, alama, alama, safu nzima kwa mkupuo mmoja, bila hata kutazama kilichochorwa upande wa pili. Kisha nikajaza fomu kwamba vya zamani havihitajiki tena, nikatia saini, vikachomwa kwenye shimo nyuma ya ofisi. Nilisimama pale nikitazama moshi, nikaona nimefanya usafi.

Mzee aliporudi nilimfungulia kitabu changu kwa majivuno. Nikamwonyesha na la kuchekesha, maana wazungu wa mashamba hawakujisumbua na majina ya watu, waliwapachika wanayotaka.

"Ona huyu, mzee. Asali, mlinzi wa mto, alama, ametoroka. Huyu alikuwa mtu ama ni chakula?"

Hakucheka. Akauliza, "Ile kitabu ya zamani iko wapi?"

"Tulichoma. Ilikuwa chafu sana."

Alivua miwani, akaifuta kwa sweta ya juu, halafu akaifuta tena kwa sweta ya ndani.

"Hizo alama, uliziangalia?"

"Zilikuwa kuchora-chora tu, mzee."

"Mtu hajui kuandika. Anakupatia kitu moja peke yake ako nayo. Wewe unaandika 'alama'. Alama gani? Ya nani?" Akakifunga kitabu changu taratibu. "Nyambura, nakala safi ndiyo muongo. Weka ile chafu. Kila siku, weka ile chafu."

Nililia chooni siku hiyo, nikiona ameniaibisha bure kwa sababu ya vikaratasi vya panya. Lakini tangu hapo sikuchoma hata risiti ya mkate.

Miaka ikapita. Mzee Odhiambo alistaafu akarudi kwenye joto lake, na akafa huko akiwa na sweta moja tu, waliniambia watoto wake. Mimi nikastaafu. Mama akafa, amezikwa kwenye shamba letu Endarasha. Wiki yake ya mwisho hakuweza kusema, lakini nilipoingia aliinua nyusi, nami nilijua ananiuliza nini. Nikasema, "Bado, mama." Hilo ndilo neno la mwisho aliloambiwa nami.

Miaka miwili baadaye akaja Helen.

Helen ni Mwingereza, mwalimu mstaafu, ana umri kama wangu na magoti mabovu kama yangu, kwa hivyo tulielewana upesi. Alikuwa ameambiwa kwamba Nyeri yupo mama mmoja anayejua kutafuta watu. Alikuwa anafuata ukoo wake, na ukoo wake wote, baba hadi babu hadi babu ya babu, walikuwa walinzi wa wanyama kwenye shamba moja la tajiri huko Uingereza. Si walinzi kama wa mbuga zetu. Alinieleza: mlinzi anaangua vifaranga wa ndege wa porini, anawalisha kwa mkono, anawakinga na mbweha na wezi mwaka mzima, halafu tajiri anakuja na marafiki zake wanawapiga risasi.

"Si wangechinja tu?" nikamuuliza.

Alicheka hadi akashika mbavu. Akasema hata nyanya yake alikuwa akiuliza hivyo.

Nikaanza kumsaidia kupanga karatasi zake, na hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Mlinzi mmoja aliitwa William, na aliyemfuata William, na aliyefuata tena William. Mimi nikajua papo hapo kwamba karatasi zimepotea. Mwana atabebaje jina la baba yake mwenyewe? Lazima katikati yupo mtu mwingine. Wiki nzima nilimsumbua Helen anitafutie hao walinzi waliokosekana, hadi akaniambia kwa upole kwamba hakuna aliyekosekana, kwao ndivyo wanavyofanya. Nikamwambia basi nyumbani kwenu mkimwita mmoja wanaitika watatu. Akasema ndivyo ilivyokuwa, na mbwa naye aliitika.

William wa mwisho, babu yake Helen, ndiye aliyeiacha Uingereza. Aliajiriwa na mzungu mwenye shamba upande wa Naro Moru kulinda mto, kwa sababu wazungu walikuwa wametia samaki wa trauti katika mito ya mlima na hawakutaka mtu mwingine awavue. Helen alikuwa na daftari lake la kila siku, la ngozi, na hakuelewa majina ya mahali. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi moja ili nimsomee.

Akaniambia jambo moja kabla hatujalifungua. Kwenye shamba lile la Uingereza ilikuwako desturi tangu William wa kwanza: jioni mlinzi mkuu hafungi daftari mpaka kila aliye chini yake atie saini kwamba amerudi, ili asije mtu akaachwa msituni na mguu uliovunjika. Babu yake aliileta desturi hiyo huku.

Nikafungua. Daftari lilikuwa chafu, na moyo wangu ukafurahi, maana uchafu ni dalili ya ukweli. Mvua, kina cha maji, samaki wangapi, fisi maji mmoja. Na chini ya kila ukurasa, alama tatu za walinzi watatu wa mto. Ya kwanza msalaba. Ya pili duara lenye nukta. Ya tatu mstari mmoja umesimama, na vijistari vitatu upande wa kushoto.

Nilipapasa karatasi kwa kidole, jambo nililowakataza makarani kwa miaka mingi. Helen akaniuliza kama naumwa. Nikageuza ukurasa, alama ipo. Nikageuza, ipo. Kando yake mzungu alikuwa ameandika jina alilompa: Asali.

Wajukuu wangu, mimi ndiye niliyecheka. Mtu ama ni chakula? Baba yangu aliyejulikana kwa nyuki wake, na mimi nikamcheka, na kwa ule mwandiko wangu mzuri nikaandika kwamba ametoroka.

Nikaendelea kusoma, kwa sababu mtafutaji haachi katikati. Nikafika siku ambayo alama zilikuwa mbili. Nitawapa maneno ya mzungu kwa Kiswahili, maana nimeyakariri:

"Mvua kubwa mlimani. Mto umejaa ghafla. Wawili wamerudi. Wanasema walimwona Asali ng'ambo, anavuka kuja huku. Nimeacha nafasi."

Kesho yake: "Tumetafuta hadi bondeni. Hakuna. Nimeacha nafasi."

Na siku ya tatu: "Bwana anasema iandikwe ametoroka, serikali isije ikauliza maswali. Nimeacha nafasi."

Baada ya hapo hakumtaja tena. Lakini kila ukurasa, hadi mwisho wa daftari, kuna msalaba, kuna duara, na chini yake upana wa kidole kimoja usioguswa.

Helen alikuwa amelisoma daftari hilo mara nyingi, na nafasi ile alidhani ni mazoea tu ya babu yake. Nilipomweleza, na nilipomwita aje aone mzinga wa baba kwenye picha niliyoitundika ukutani kwangu, alikaa chini.

"Babu yangu alijua," akasema.

"Alijua," nikamjibu. "Na mimi niliandika."

Sitawadanganya, nilikasirika. Nilimkasirikia bwana wa shamba, lakini nilimkasirikia zaidi huyo William mwenye roho nzuri. Kutoka Naro Moru hadi Endarasha si Uingereza. Aliacha nafasi kwenye karatasi kwa miezi, na mama alikuwa anahitaji mtu mmoja tu wa kubisha mlango. Helen hakumtetea. Alilia, nami nikalia, kila mmoja akimlilia wake, halafu nikainuka nikachemsha chai kwa sababu sikujua la kufanya kwa mikono yangu.

Kabla hajaondoka alinipa kalamu. Akasema alama hiyo niichore mimi kwenye ule ukurasa wa mvua, nafasi ipo, babu yake aliiacha kwa ajili hiyo. Niliishika kalamu muda mrefu. Nilitaka sana. Kisha nikamrudishia. Ile nafasi ni ya mtu aliyerudi jioni, na baba hakurudi. Daftari chafu liachwe lilivyo.

Lakini nakala safi ilikuwa yangu.

Nilikwenda masjala siku iliyofuata. Anayeisimamia sasa ni Bi. Nafula, mzaliwa wa Bungoma, mwanamke makini. Alinitolea kitabu changu, na kweli mwandiko ni mzuri, haujafifia hata kidogo. Asali, mlinzi wa mto, alama, ametoroka. Nikaomba kalamu.

"Cũcũ, hapana," akasema. "Unajua sheria kuliko mimi. Kitabu ya masjala haiguswi."

"Haiguswi na mtu mwingine. Aliyeandika anaweza kusahihisha. Usikwangue, usipake rangi. Mstari mmoja, lile kosa libaki likisomeka, halafu saini kando."

"Hiyo ndiyo tulifundishwa."

"Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo, hapa hapa, na mtu wa sweta mbili."

Akaniletea kalamu, na nakala niliyokuwa nimeipiga ya kurasa za Helen akaitoboa na kuifunga pamoja na kitabu, ili atakayekuja aone nimetoa wapi. Kisha akageuka kutazama dirishani, akaniacha.

Nilipiga mstari mmoja juu ya "ametoroka". Nikaandika: "Hakurudi. Mto ulijaa." Kwenye safu ya saini, juu ya neno langu la uvivu, nikachora kitana kilichovunjika. Vijistari havikunyooka, lakini hata vya kwenye mzinga havikunyooka. Kando yake nikatia saini, si kama nilivyokuwa nikitia kazini, bali jina zima: Nyambura wa Ndiritu.

Kutoka hapo nilikwenda Endarasha. Nyumba ya mama imefungwa, mzinga bado uko chini ya mapaa. Sikuingia. Nilikwenda hadi kaburini, na kikapu changu mkononi, nikasimama. Nilikuwa nangoja, na ilinichukua muda kutambua nangoja nini. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kuanza. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza, kabla sijaweka kikapu chini.

Basi nikakiweka chini mwenyewe.

"Nimemwona, mama," nikasema. "Alikuwa anavuka kuja huku."